Dizeli ya Veijo na Safari za Turku

Kwenye sheli ya mwisho unapotoka Kauhajoki, pale malori yanapopunguza mwendo kabla ya mzunguko, kuna benchi refu lililofungwa ukutani chini ya dirisha, na chini ya benchi kuna bomba la maji ya moto linalokupasha makalio vizuri sana. Hilo ndilo Bunge. Halikuchaguliwa na mtu wala halijawahi kupitisha sheria, lakini kila asubuhi isipokuwa Jumapili linakaa, linakunywa kahawa na kuwasengenya wasiokuwepo. Kikombe cha kwanza unalipia, cha pili bure, cha tatu Raili wa kaunta anajifanya hakukiona. Machi hii theluji ya kando ya barabara imeshakuwa rangi ya majivu, magari yote yamefanana kwa chumvi, na tangu Krismasi Bunge lina hoja moja tu mezani: Veijo anunue gari gani.

Veijo alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu, ndiyo maana wanamwita Rula. Gari lake la zamani lilikataliwa kwenye ukaguzi wa mwaka, kutu imekula sakafu mpaka unaona lami ikipita chini ya miguu. Sasa alitaka gari la maana, la familia, lenye buti refu na viti vya ngozi, hata kama limeshapita mikononi mwa watu wawili. Kuchagua kati ya la Kijerumani na la Kiswidi si kazi kubwa. Unachagua wa kumtukana likiharibika, basi. Kazi ni injini. Kwetu mwenye dizeli anatozwa kodi ya kila mwaka hata gari likilala uani, kwa hiyo dizeli, kwa ulaji wake mdogo wa mafuta, inamlipa mtu wa safari ndefu na inamkamua anayeishia dukani. Ndiyo sababu hapa humwambii mtu anunue injini gani kabla hujamuuliza anakwenda wapi.

Na Veijo alikuwa haendi popote. Mwanawe Jarkko yuko Turku, na mke na mtoto mdogo, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari, na Veijo alikuwa hajakanyaga kwake tangu wamzike mkewe Marketta. Lakini Jumatatu moja baada ya mazishi Ilpo alimuuliza wikendi aliifanyia nini, naye, kwa kuona haya kusema alikaa jikoni akitazama friji, akasema alikuwa Turku kumwona mjukuu. Uongo ukakaa vizuri. Wiki mbili baadaye akaurudia. Ikawa desturi, na sasa Bunge zima lilikuwa linapiga hesabu za injini juu ya safari ambazo hazikuwahi kufanyika. Akinunua la petroli, wangemuuliza mbona. Akinunua la dizeli, angelipa kodi ya uongo wake mpaka kufa.

Asubuhi hiyo hoja ilikuwa nzito zaidi, maana mwenye gari alikuwa njiani. Veijo alikuwa ameona tangazo la wagoni ya Kijerumani, lile gari refu la familia, ya dizeli, na wamekubaliana na muuzaji wakutane hapa, maana hakuna mtu kwetu anayemwonyesha mgeni gari nyumbani kwake wakati sheli zipo. Wajumbe walikuwa wamewahi. Ilpo Masizi alikuwa ameshamaliza kikombe cha kwanza na mkate wa iliki, na makombo yalikuwa yamebaki kifuani.

— Dizeli, akasema Ilpo. Tumeshamaliza hilo. Kinachobaki ni kusikiliza pumzi yake tu.

— Wewe hata ungeulizwa uchague mke ungesema dizeli, akasema Tenho Waya.

— Na angeishi muda mrefu kuliko huyo wako.

Ilpo hana haki ya kumshauri mtu. Dizeli yake ni kubwa, inaweza kuvuta nyumba, naye anaitumia kwenda duka la vyakula na kuja hapa. Injini haipati moto, chujio linajaa masizi, taa ya njano inawaka. Kwa hiyo kila Jumapili analazimika kuliendesha mpaka Parkano na kurudi, bila sababu yoyote duniani, ili masizi yaungue. Gari limegeuka mbwa wa kutembezwa. Kisha Jumatatu anakuja kutangaza jinsi linavyokula mafuta kidogo.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Ilpo, ambaye hutumia methali kama mtu anavyotumia bisibisi kufungulia kopo. Kila nikienda Parkano naokoa kidogo.

— Usingeenda ungeokoa yote, akasema Aarto.

— Na chujio nilichome na nini, kiberiti?

— Gari lako linakunywa mkojo, Ilpo. Kuna tangi la mkojo pembeni ya tangi la mafuta. Mimi siwezi kumpakia mtu ndani ya kitu kinachokunywa mkojo.

Ilpo akamweleza kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa kwamba ile ni dawa ya kusafisha moshi, inauzwa hapo nje kwenye pampu. Aarto akasema anajua inauzwa, hata bangi inauzwa mahali.

Aarto wanamwita Barafu. Ana gari la umeme, na kwa kuwa baridi inakula betri na hita inakula zaidi, huendesha hita ikiwa imezimwa, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, glavu nene, blanketi la marehemu shangazi yake magotini. Dirisha linaganda kwa ndani, naye analikwangua kwa kadi ya maktaba huku anaendesha. Ukimuuliza, anasema gari lina joto la kutosha, hita ni anasa ya watu wa kusini. Hata hapa kwenye benchi, juu ya bomba la moto, huchukua nusu saa kabla hajavua kofia.

— Veijo anunue umeme, akasema Barafu. Turku kuna chaji kila kona.

— Afike lini? akauliza Tenho. Pasaka hii au ijayo?

— Atasimama mara moja, atakunywa kahawa.

— Atasimama mara moja, atazikwa hapo hapo.

Tenho naye hana haki ya kucheka. Ana haibridi, ile ya petroli na betri ya kuchaji, na ndiyo sababu wanamwita Waya: waya wa kuchajia uko kwenye buti, ndani ya mfuko wake wa plastiki, haujafunguliwa tangu anunue. Nguzo za umeme za maegesho ya jengo lao ni zile za kupashia injini moto asubuhi, zinatoa umeme kwa muda mfupi kisha zinajizima, na kikao cha wakazi kilikataa kuzibadilisha kwa sababu mwanamke wa ghorofa ya pili aliuliza nani atalipa. Hivyo Tenho anaendesha petroli huku ameibeba betri mgongoni kama mama mkwe asiyeshuka.

— Penye miti hapana wajenzi, akasema Tenho kwa huzuni, akimaanisha nguzo.

— Hapo umesema kweli, akasema Ilpo. Penye waya hapana akili.

Kila walipotaja Turku, Veijo alijisikia kama mtu anayepimwa nguo ya harusi ya mwingine. Mara ngapi kwa mwezi, Rula? Mbili, alijibu. Majira ya joto je? Labda tatu. Ilpo akaandika hewani kwa kidole, akajumlisha, akasema ndiyo, hapo dizeli imekubali. Wote wakaitikia kwa kichwa, kwa uzito.

Ndipo mambo yakaanza kwenda mbali, kama kawaida ya Bunge kahawa ya pili ikishaingia. Ilpo akafungua nadharia yake ya asili ya mafuta. Petroli, alisema, inatoka jangwani, haijazoea baridi, ndiyo maana injini ya petroli inakohoa Januari; dizeli wanaichimba Wanorwe chini ya bahari, imezaliwa kwenye barafu, inajisikia nyumbani. Tenho akamuuliza kama dizeli ya Norwe inajua kuteleza kwenye theluji. Barafu akasema tatizo la Wajerumani ni mwendo: gari lililokimbizwa kwao kwenye barabara zisizo na kikomo cha kasi linazoea, na ukilileta kwetu ukalipeleka polepole linapata huzuni, linaharibika kwa makusudi.

— Gari halina huzuni, akasema Tenho.

— Betri yako haina huzuni? Imestaafu bila kufanya kazi hata siku moja.

— Betri yangu inasubiri.

— Inasubiri nini?

— Mwanamke wa ghorofa ya pili ahame.

Ilpo hakukubali kupitwa. Akasema mjomba wake alikuwa na dizeli iliyomkataa mrithi. Mzee alipofariki, gari halikuwaka mpaka walipotandika koti lake kwenye kiti. Tenho akasema hilo koti lilikuwa na ufunguo mfukoni. Ilpo akasema wasioamini ndio wanaonunua haibridi.

Wakati huo wagoni nyeusi ikaingia, ikapita pampu, ikasimama mbele ya dirisha. Bunge likasimama kama linaitwa kwenye meza ya mikate. Wakatoka nje bila kofia, isipokuwa Barafu. Akashuka mwanamke wa makamo, ana koti la kazini lenye mistari inayong'aa, akajitambulisha kwa jina la Saana. Ilpo akainama nyuma ya gari, akapaka kidole ndani ya ekzosi, akakitazama, akakinusa. Tenho akapiga tairi teke, maana mtu asiyejua la kufanya hupiga tairi teke. Barafu akauliza kama kiti kina joto. Saana akawajibu wote kwa utaratibu: mkanda wa injini umebadilishwa, risiti zipo, mkwaruzo wa mlango wa kushoto ni baiskeli ya mwanawe, na ndoano ya trela inatoka. Veijo aliketi kwenye usukani. Ngozi ilikuwa laini, nyuma kulikuwa na nafasi ya kiti cha mtoto, tena kulikuwa na alama mbili kwenye kiti ambapo kiti cha mtoto kilikaa miaka mingi. Alizitazama alama zile kwenye kioo zaidi kuliko alivyotazama dashibodi. Alilitaka gari lile mpaka akaona aibu.

Baridi ikawarudisha ndani. Raili akamletea Saana kahawa, wakambanisha mwisho wa benchi, karibu na dirisha. Akapuliza kikombe chake, akasema gari ni zuri, lakini yeye hana haraka ya kumuuzia mtu yeyote tu. Alilinunua alipokuwa anafanya kazi Vaasa, kila siku kwenda na kurudi. Sasa kazi iko karibu, na dizeli haitaki vijisafari. Mnunuzi wa kwanza aliyekuja alikuwa mzee wa kwenda kanisani na kurudi, akamkatalia, maana angerudi baada ya miezi miwili kumtukana. Kisha akamgeukia Veijo.

— Kwa hiyo, mzee wangu, wewe utakuwa unakwenda nalo wapi?

Jibu lilikuwa tayari. Veijo alikuwa amelisema mara nyingi mpaka lilikuwa linajitokea lenyewe. Lakini kabla ya kufungua mdomo aliwatazama wenzake, kwa mazoea tu, kama mtu anayetafuta mashahidi, na hakuna aliyemtazama. Tenho alikuwa anakunja karatasi ya sukari. Barafu alikuwa amevuta kofia yake, ambayo alikuwa ndiyo kwanza ameivua, akairudisha kichwani. Na Ilpo Masizi, asiyeacha hata chafya ipite bila kuikejeli, alikuwa anazungusha kijiko ndani ya kikombe kitupu.

Hapo Veijo akaelewa, na uso ukamwaka. Walikuwa wanajua. Wote wanakaa barabara moja. Majira yote ya baridi wamepita mbele ya uwanja wake Jumamosi na Jumapili, wakaona gari lake limefunikwa theluji na hakuna alama ya tairi kuelekea barabarani. Tangu Krismasi wamekuwa wakijumlisha hizo safari za Turku kidole hewani, wakigombana, wakitukanana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutabasamu.

— Turku, akasema Ilpo, bila kuinua macho. Ana mwanawe huko. Mara mbili kwa mwezi. Ametuchosha na hadithi zake.

Kudanganya mwenyewe Veijo alikuwa amekuzoea. Kudanganyiwa na Ilpo, na kwa huruma, hakukuweza. Afadhali angechekwa.

— Siendi, akasema.

Saana akaweka kikombe chake mezani.

— Sijaenda tangu mazishi ya mama yake. Mtoto alikuwa wa kubebwa. Sasa nadhani anatembea, anaongea. Sijui.

— Kuna ugomvi?

— Hakuna ugomvi wowote.

— Sasa kwa nini huendi, mzee?

— Sijaalikwa, akasema Veijo.

Benchi zima likaitikia kwa kichwa, polepole, kwa kuridhika. Hiyo ilikuwa sababu kamili. Kwetu huendi kwa mtu kama hujaalikwa, hata kama ni mtoto wako wa kumzaa. Watu wana shughuli zao, wana ratiba, unakwenda kuwasumbua. Zamani Marketta ndiye alikuwa anapiga simu na kupanga, Veijo kazi yake ilikuwa kupakia mizigo na kulalamika kuhusu foleni ya magari katika mji wa Pori, njiani. Marketta alipoondoka, simu nayo ikanyamaza, na baba na mwana wakabaki kila mmoja anaheshimu utulivu wa mwenzake.

Saana alikuwa mtu wa huku huku, desturi alikuwa anaijua. Lakini alikuwa amekunja uso kama anayesikiliza injini yenye kasoro.

— Na wewe, akauliza, wewe umewaalika?

Swali lilikuwa la Veijo, lakini lilipita benchi zima kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila lilipopita mtu alitazama mahali pengine. Tenho akatazama pampu. Barafu akatazama glavu zake. Ilpo akatazama ndani ya kikombe chake kitupu. Wanaume wanne, injini za kila aina, wanaojua bei ya mafuta mpaka Lapland, na hakuna aliyekuwa amemwalika mtu. Raili alikuja na birika, akaona hali, akarudi nalo.

Veijo akatoa simu. Alitafuta miwani, akatafuta jina, akabonyeza hapo hapo mezani, maana alijua akitoka nje atarudi hajapiga. Mara ya mwisho kumpigia Jarkko mchana ilikuwa ile siku ya hospitali. Simu ikapokelewa upesi mno.

— Baba? Nani kafa?

Sauti ilisikika mpaka kwa Tenho. Veijo akashika ukingo wa meza.

— Hakuna aliyekufa. Nanunua gari.

— Ah. Sawa.

— Kuna dizeli hapa. Nzuri. Lakini dizeli ni ya mtu wa safari, kuna kodi, kuna chujio. Ukikaa nyumbani unanunua petroli.

— Baba, mimi magari sijui. Sina hata leseni.

— Najua huna. Mimi nataka kujua nije mara ngapi.

Huko Turku mtoto alikuwa anaongea nyuma, anasema neno moja akilirudia na kulirudia, na mtu anamjibu. Jarkko akaanza kusema kitu, sauti yake ikashuka, benchi halikusikia tena, ingawa lilijitahidi sana. Ilpo alikuwa ameacha hata kutafuna. Walisikia upande wa Veijo tu. Ndiyo. Ndiyo. Mimi nilidhani nyinyi ndio mna shughuli. Hapana, nalala hata kwenye kochi. Ndiyo, kama ni Ijumaa, Ijumaa. Kisha akakata simu, akavua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

— Nalichukua, akamwambia Saana.

— Hili hili la dizeli?

— Hilo hilo.

Ilpo akasimama, akakung'uta makombo kifuani, akavuta zipu ya koti mpaka kidevuni.

— Kodi itakuua, akasema. Wajinga ndio waliwao.

Akatoka nje kwenda kupima upepo wa matairi, maana Turku ni mbali.